Vifaa vya kuwashia moto safarini na kwenye dharura: chagua kwa kuhesabu sekunde za mwali

Anayejiandaa kwa safari ya miguu ya siku kadhaa, au anayepanga begi la dharura la nyumbani, huanza na swali lile lile: ninunue kiberiti cha gesi, njiti zisizoharibiwa na maji, au kile kifimbo cha chuma kinachotoa cheche? Swali ni zuri, ila limeshika nusu ya jambo. Moto unapogoma kuwaka porini, mara nyingi cheche zilikuwepo. Kilichokosekana ni kishika moto, yaani kitu cha kuupokea ule moto mdogo na kuendelea kuwaka hadi kijiti cha kwanza kikauke na kushika.

Ndiyo maana sisi tunapima vifaa hivi kwa sekunde. Chombo hiki kinakupa mwali wa sekunde ngapi, na kuni ulizonazo zinataka sekunde ngapi? Cheche ya kifimbo hufa kabla sekunde moja haijaisha. Njiti ya kawaida hukaa sekunde 10 hadi 20 kama hakuna upepo. Kiberiti cha gesi huwaka mradi kidole kivumilie joto. Pamba iliyopakwa mafuta ya mgando huwaka dakika kadhaa, na kipande cha mshumaa huwaka zaidi ya hapo. Upande wa pili, kibanzi kikavu chenye unene wa njiti hushika ndani ya sekunde chache, lakini kijiti kile kile kikiwa kimelala kwenye mvua kinaweza kutaka dakika mbili au tatu za mwali usiokatika. Pengo kati ya hesabu hizi mbili ndilo linaloamua kama utaota moto au utalala na baridi.

Kwa nini kuni mbichi hula muda

Ukuni wenyewe hauwaki moja kwa moja. Ukipashwa joto hutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazowaka. Hutoka kwa wingi pale ukuni unapofika kwenye nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, lakini hauwezi kufika huko wakati maji bado yamo ndani. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke hula takriban kilojuli 2,260 za joto, zaidi ya mara sita ya joto linalotumika kuyatoa maji hayo nyuzi 20 hadi yachemke. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayofika nusu ya uzito wake. Kuni nzuri za kuwashia zinatakiwa ziwe chini ya asilimia 20.

Hapa unene una uzito wake. Kijiti chembamba kina maji machache ya kufukuza, na uso wake ni mpana ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo joto huingia haraka. Gogo nene, hata likiwa kavu, hunyonya joto na kulipeleka ndani bila kushika. Mwenye kisu kizuri na gogo lililolowa nje tu bado ana kuni kavu: akilipasua, moyo wake mara nyingi haujaguswa na mvua. Kwa sababu hiyo kisu chenye ubapa imara ni sehemu ya vifaa vya kuwashia moto, ingawa hakitoi mwali wowote.

Kiberiti cha gesi kwanza

Kwa mtu wa kawaida, kiberiti kidogo cha gesi cha gurudumu ndicho chombo cha kwanza, na hakuna sababu ya kukionea aibu. Kina uzito wa takriban gramu 20, huwaka kwa mkono mmoja, hakitaki ufundi, na kimoja huwasha mara nyingi kuliko pakiti kadhaa za njiti. Wanaokidharau kwa kuwa si cha kishujaa wanajinyima sekunde nyingi za mwali kwa uzito mdogo sana. Jambo la kujua ni namna kinavyokwama, maana kila namna ina dawa yake.

Namna ya kwanza ni baridi. Gesi iliyomo ni butani, au isobutani, au mchanganyiko wake. Butani huchemka karibu na nyuzi 0. Kukiwa na baridi kali zaidi inabaki kimiminika na haipandi kwenye tundu. Unageuza gurudumu, cheche zinaruka, mwali hautoki. Kiweke kwenye mfuko wa ndani wa nguo, karibu na mwili, au kikumbatie kiganjani dakika moja mbili kabla ya kuwasha.

Namna ya pili ni maji. Kikizama, gesi haidhuriki, ila jiwe na gurudumu vinalowa na cheche hazitoki. Kikung'ute kwa nguvu kichwa kikiwa chini, pulizia kwenye gurudumu, kisha liviringishe mara nyingi juu ya kitambaa kikavu bila kubonyeza gesi. Kwa kawaida hurudi kufanya kazi baada ya dakika chache. Kiberiti cha kubonyeza kitufe, kinachowasha kwa cheche ya umeme, ni kigumu zaidi kukirudisha, kwa sababu unyevu hubaki ndani mahali usipoweza kupafuta. Kwa dharura nunua cha gurudumu.

Namna ya tatu huwashangaza wengi: kimejaa asubuhi, jioni ni kitupu. Ndani ya begi kuna kitu kilikuwa kinakandamiza kitufe cha gesi muda wote. Pitisha kamba ndogo ya plastiki ya kujikaza, au zungusha mpira wa kufungia pesa mara kadhaa, chini ya kitufe ili kisishuke. Chagua pia chenye mwili unaopitisha mwanga ili uone gesi iliyobaki.

Kisha kuna vidole. Mikono ikipoa na kulowa, kidole gumba hupoteza nguvu na hisia kabla ya akili, na ule mkanda wa chuma unaofunika gurudumu kwa ajili ya usalama wa watoto unakuwa mgumu kweli kweli. Unaweza kuung'oa kwa ncha ya kisu, lakini kiberiti hicho sasa kikae mbali kabisa na watoto. Jaribu ukiwa umevaa glavu zako za safari. Kama hukiwezi sebuleni, hutakiwezi mlimani.

Usikielekeze chini ukakishikilia hapo. Mwali utapanda kwenye kidole chako, na kofia yake ya chuma itapata joto hadi plastiki ilainike. Kilaze ubavu, washa sekunde zisizozidi 10, pumzisha. Mwali ukihitajika kwa muda mrefu, washa mshumaa kwa kiberiti, halafu uuachie mshumaa kazi.

Vile viberiti vya mwali wa bluu unaovuma kama tochi ya kuchomelea hupendwa kwa kuwa haviogopi upepo. Ni kweli, ila hutaka mchanganyiko sahihi wa hewa na gesi, hivyo husumbua kwenye miinuko mikubwa ambako hewa ni nyepesi, na hula gesi haraka. Vya kujaza mafuta ya majimaji vina faida moja kubwa, kwamba huendelea kuwaka bila kushikiliwa, na kasoro moja isiyosameheka kwenye begi la dharura: mafuta huvukiza. Wiki chache tu kikiwa kimekaa, utakikuta kimekauka.

Njiti

Njiti ya usalama haiwaki popote kwa sababu kemikali zake zimegawanywa. Kichwani kuna klorati ya potasiamu na vitu vingine. Fosforasi nyekundu iko kwenye karatasi ya kukwaruzia ubavuni mwa kiboksi. Maana yake ni kwamba una vitu viwili vya kulinda. Watu huziba njiti vizuri ndani ya kikopo na kuiacha karatasi ilowe, au huibeba moja tu ambayo baada ya safari chache imechubuka. Kata karatasi mbili, ziweke ndani ya kikopo chenye mfuniko wa kuzungusha na mpira wa kuzuia maji, na jaza nafasi ya juu kwa pamba ili njiti zisitikisike na kupukutika vichwa. Zile njiti zinazowaka popote zina hatari ya kusuguana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zisichanganywe na karatasi ya kukwaruzia na zisiachwe zicheze ndani ya kikopo.

Kuchovya njiti kwenye nta ni mbinu ya zamani na inafanya kazi, ila nta ya kichwani lazima uikwangue kwa ukucha kabla ya kukwaruza. Usipofanya hivyo itapaka kwenye karatasi, na njiti zinazofuata zitateleza bila kuwaka.

Njiti za dhoruba ni jamii nyingine. Kemikali imepakwa hadi karibu nusu ya kijiti, na kwa kuwa ina oksijeni yake yenyewe, huwaka kwa ukali sekunde 12 hadi 15 hata upepo ukivuma, na nyingine huendelea hata zikichovywa majini. Zinafaa kwa kazi moja: kuwasha kishika moto kwenye upepo unaozima kila kitu. Usitegemee kuipuliza ikazimika, na usiidondoshe kwenye nyasi kavu. Ikishamaliza kemikali yake, kijiti kinachobaki ni dhaifu kama njiti yoyote, kwa hiyo kila kitu kiwe kimeshapangwa kabla hujaikwaruza.

Kifimbo cha feroseri

Feroseri ni mchanganyiko wa metali, hasa seri na lanthani pamoja na chuma, uliovumbuliwa na Mwaustria Carl Auer von Welsbach, ambaye alipata hataza yake mwaka 1903. Lile jiwe dogo ndani ya kiberiti cha gesi ni feroseri hiyo hiyo. Ukikwangua kifimbo, vipande vidogo vinavyobanduka hushika moto hewani na kufikia joto linalokaribia nyuzi 3,000. Hakijali baridi, hakijali mwinuko, kikilowa unakifuta tu, na hakina gesi ya kuisha. Kifimbo kimoja hukwanguliwa maelfu ya mara.

Halafu watu wanakinunua, wanakitupa kwenye begi, na siku wanapokihitaji hakiwashi kitu. Sababu ni sekunde: cheche ni kali mno lakini haidumu. Haiwezi kuwasha kijiti, wala jani zima, wala karatasi iliyokunjwa. Hutaka nyuzi laini mno, kavu, zenye hewa katikati. Mwenye kifimbo bila kishika moto cha uhakika ana mwanga mzuri tu wa kutazama.

Ukichagua, tafuta kinene. Chenye kipenyo cha milimita 8 hadi 10 na urefu wa sentimita 8 au zaidi kinashikika kwa mkono wenye ganzi na hakivunjiki. Vile vyembamba vya milimita 4 au 5 vinavyofungwa kwenye bangili au funguo hukatika kirahisi ukivikandamiza, na mpapaso wake ni mfupi mno kutoa cheche za kutosha. Kikwanguo kinachokuja nacho mara nyingi ni kibati chepesi. Kinachotakiwa ni kona kali ya nyuzi 90 na ugumu. Kikwanguo hakitoi cheche, kazi yake ni kubandua tu, kwa hiyo hata kipande cha msumeno wa chuma au ukingo wa jiwe gumu huweza kufaa. Mgongo wa kisu unafaa kama haujaviringwa. Usitumie makali ya kisu, utayaharibu na pengine ujikate.

Namna ya kukwangua ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tuifuate polepole. Kifimbo kipya kina rangi nyeusi ya kukilinda; ikwangue upande mmoja hadi uone metali inayong'aa. Simamisha ncha ya kifimbo katikati ya kishika moto, ikigusa chini. Weka kikwanguo karibu na juu ya kifimbo, kikiwa kimeinama kidogo kuelekea chini, na mkono wake uufunge usisogee kabisa. Sasa kandamiza na uvute kifimbo kurudi nyuma kuelekea kwako. Ukifanya kinyume, yaani ukisukuma kikwanguo kwenda mbele, ngumi yako itapiga kishika moto na kukitawanya kote. Usifanye haraka. Mpapaso mwepesi wa kasi hutoa cheche nyingi za kupendeza zinazokufa hewani. Mpapaso wa polepole wenye nguvu hubandua vipande vinene vinavyodondoka vikiwa bado vinawaka, na hivyo ndivyo vinavyowasha.

Adui wa kifimbo ni chumvi na unyevu wa muda mrefu. Kikiachwa kimelowa, hasa kwa maji ya bahari, huanza kumomonyoka na kuwa unga wa kijivu. Kifute, na kama kinahifadhiwa kwa miezi mingi, kipake rangi ya kucha kukifunika.

Kile kipande cha magnesi kinachouzwa na kifimbo ubavuni hatukipendekezi kwa safari. Magnesi huwaka kwa joto kali sana, hilo halina ubishi. Lakini ili upate rundo dogo la kutosha lazima ukwangue dakika nyingi, upepo ukija unalipeperusha, na likishika huisha ndani ya sekunde chache. Uzito ule ule wa pamba yenye mafuta hukupa moto wa muda mrefu zaidi.

Vinavyobaki kwa ufupi

Gumegume na chuma: cheche zake zina joto dogo zaidi, hazikubali ila kwenye kitambaa kilichochomwa bila hewa kikawa mkaa, au kuvu fulani wa mitini. Ni ufundi mzuri wa kujifunza, si kifaa cha dharura. Lenzi ya bapa ya ukubwa wa kadi ina uzito mdogo na haiishi, ila hutaka jua kali, na siku ya jua kali si siku unayohitaji moto zaidi. Viberiti vya umeme vya kuchaji hufanya kazi kwenye upepo, ila betri hulegea kwenye baridi na cheche yake ni fupi, inataka kitu chembamba kiingie katikati ya ncha zake. Kupekecha moto kwa vijiti, kwa mtu asiye na mazoezi, kwenye mvua, amechoka, ni kupoteza nguvu anazozihitaji kwa kujihifadhi.

Kishika moto ndicho cha kubeba kwa wingi

Hapa ndipo tungependa msomaji atumie akili na nafasi ya begi lake. Pamba na mafuta ya mgando havijapata mpinzani kwa uzito na gharama. Pamba ni utambi, mafuta ni nishati. Ndiyo maana huwaka muda mrefu kuliko pamba peke yake, ambayo humeremeta na kuisha mara moja.

Hakikisha ni pamba kweli. Vibonge vingi vya vipodozi ni nyuzi za plastiki. Choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, plastiki hujikunyata na kuacha kitone kigumu cheusi. Kwa kibonge kimoja, tumia mafuta kiasi cha nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja. Yasugue upande wa nje kwa vidole na uache katikati pakavu. Kosa linaloharibu kazi yote ni kuyazamisha: pamba iliyolowa mafuta hadi ndani haina nyuzi huru za kudaka cheche, na kifimbo hakitaiwasha, ingawa mwali wa kiberiti utaiweza. Ukitaka kuyeyusha mafuta ili yaingie haraka, weka chombo chake ndani ya maji ya moto, usikiweke juu ya moto wenyewe. Hifadhi vibonge 6 hadi 10 kwenye kikopo kidogo au mfuko wa zipu uliotolewa hewa.

Unapowasha, usikiweke kibonge kilivyo. Kivute pande mbili hadi kiwe kipana na nyuzi kavu za katikati zijitokeze. Cheche ianguke hapo. Kibonge kilichotandazwa vizuri huwaka takriban dakika 4 au zaidi, na ukikibana tena kidogo baada ya kushika, mwali hushuka na muda huongezeka.

Vipande vya tyubu ya baiskeli, vya upana wa kidole na urefu wa sentimita 5 hivi, ni vizuri kwa sababu maji hayaingii ndani ya mpira: vikung'ute, washa. Moshi wake ni mweusi na mbaya kwa mapafu, kwa hiyo visitumike karibu na chakula wala penye paa, na havishiki kwa cheche, hutaka mwali. Vidonge vyeupe vya kuwashia majiko madogo ya safari huwaka vizuri hata kwenye upepo, ila mvuke wake haufai kuvutwa. Kitakasa mikono cha gel chenye alkoholi nyingi huwaka pia, lakini mwali wake hauonekani vizuri mchana na watu huunguzwa wakidhani haujashika. Usiwahi kuongeza gel kwenye moto unaodhani umezima. Petroli isitumike kabisa kuwashia. Mvuke wake huanza kuwaka hata kwenye baridi kali, ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi miguuni mwako, na unapowasha njiti kinacholipuka ni mvuke uliokuzunguka.

Porini kwenyewe tafuta nyasi zilizosimama, si zilizolala chini. Matawi makavu yaliyokwama mitini, si yaliyo ardhini. Maganda ya miti yanayobanduka yenyewe kwa tabaka nyembamba. Na miti yenye ulimbo, hasa jamii ya misonobari, ambayo vibanzi vyake huwaka hata vikiwa na unyevu. Ukikosa vyote, tengeneza maranda: shika kibanzi kikavu, teremsha kisu polepole ubavuni mwake bila kufika mwisho, ili maranda yajikunje na kubaki yameshikilia. Kibanzi chenye maranda 20 au 30 membamba ni kishika moto kamili kwa mwali wa kiberiti. Randa lenye unene wa kadi halitashika. Maranda yawe membamba kiasi cha kuonyesha mwanga.

Kabla ya kuwasha, kusanya ngazi nzima: konzi mbili za vijiti vya unene wa njiti, konzi mbili za unene wa penseli, na mikono miwili iliyojaa ya unene wa kidole gumba. Unapodhani vinatosha, ongeza tena kiasi hicho hicho. Moto mwingi hufa dakika ya tatu wakati mwenye kuuwasha yuko mbali anatafuta vijiti. Ardhi ikiwa imelowa, panga vijiti vinene sambamba uwe na sakafu, maana udongo wenye maji hunyonya joto na kupeleka mvuke juu kwenye kile unachojaribu kuwasha.

Namna ya kuchanganya vifaa

Kubeba vitatu ni jambo linalosemwa sana, na lina ukweli, lakini viberiti vitatu vya gesi ndani ya mfuko mmoja ni kifaa kimoja kilichorudiwa. Baridi ikivigomesha, vyote vitagoma. Begi likisombwa na mto, vyote vimekwenda. Kinachokulinda ni kuchanganya namna za kukwama na kutenganisha mahali pa kuvihifadhi.

Kwa matembezi ya siku moja: kiberiti cha gesi mfukoni mwa suruali na vibonge vinne vya pamba kwenye mfuko wa zipu. Basi. Kwa safari ya siku nyingi ongeza kifimbo cha feroseri kilichofungwa kwenye mkanda au kisu, si ndani ya begi. Kiberiti cha pili kilichozibwa ndani ya mfuko usiopitisha maji katikati ya nguo za kulalia. Kipande cha mshumaa cha sentimita 5. Na vibonge 8 hadi 10 vilivyogawanywa sehemu mbili. Kwenye baridi na upepo mkali weka pia njiti 10 za dhoruba na karatasi zake mbili. Vyote hivi ni vya uzito usiozidi robo kilo.

Kiberiti kikiisha gesi hakijafa bado. Geuza gurudumu polepole sana juu ya pamba kavu, mara 20 au 30, ili unga wa jiwe udondoke bila kuwaka ukusanyike mahali pamoja. Kisha zungusha kwa kasi mara moja karibu na unga huo. Unga wote huwaka kwa pamoja na kuishika pamba.

Wanaopika kwa jiko la gesi la safari wasitegemee kitufe cha kuwashia kilichomo kwenye jiko. Huharibika kwa unyevu na hulegea kwenye miinuko. Na mahali pengi hifadhini au wakati wa kiangazi moto wa kuni umekatazwa, kwa hiyo jiko ndilo moto wako wa kila siku, na kuni ni za dharura ya kweli.

Kwa nyumba

Begi la dharura la nyumbani lina hali tofauti: uzito si tatizo, muda wa kukaa bila kuguswa ndilo tatizo. Hapo weka viberiti viwili vipya vya gurudumu, pakiti mbili za njiti kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaokaza, na kiberiti kimoja cha shingo ndefu kwa ajili ya jiko. Viwe mahali pa baridi na kivuli. Kiberiti cha gesi kisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto la kupita nyuzi 50 linaweza kukipasua. Kila baada ya miezi 6 washa kila kimoja mara moja, angalia gesi, na kwaruza njiti moja ya kila pakiti.

Kwa mwanga tumia tochi, si mshumaa. Mishumaa huleta moto wa nyumba wakati ambao wazima moto wako mbali na wamezidiwa. Baada ya tetemeko au mafuriko, usiwashe chochote, hata cheche ya kifimbo, kabla hujahakikisha hakuna harufu ya gesi na mtungi umefungwa. Na jiko la mkaa, la kuni au la gesi ya safari lisiletwe ndani ya chumba kilichofungwa wala ndani ya hema, hata kwa kujipasha joto kidogo. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mkaa unaoonekana umetulia bila moshi ndio unaoitoa kwa wingi.

Kama unasafiri kwa ndege, kanuni za kimataifa huruhusu kiberiti kimoja kidogo cha gesi au pakiti moja ndogo ya njiti za usalama, mwilini, si kwenye mzigo. Njiti zinazowaka popote na mitungi ya gesi ya jiko haziruhusiwi kabisa. Panga kununua gesi ukifika, na kuhusu kifimbo uliza shirika la ndege mapema.

Ukishakusanya vifaa, vijaribu jioni moja mahali salama pa wazi, mikono ikiwa imelowa na imepoa, kwa kijiti ulichokitoa nje siku hiyo. Anza saa unapofungua begi, isimamishe pale moto unapoweza kuachwa dakika tano bila kuguswa. Ikizidi dakika 15, tazama muda ulipotelea wapi: ukikuta ni kutafuta vijiti, hapo kisu na ngazi ya kuni ndivyo vya kushughulikia, ukikuta ni kishika moto kilichozima, ongeza vibonge. Kisha mwagia maji, koroga jivu na makaa, mwagia tena, na usogeze mgongo wa kiganja karibu. Pakiwa bado pana joto, rudia.